Siku ya Nne

Alitufundisha kwa mpira wa kumwagilia mchicha.
Mita saba, aliupima mwenyewe kwa rula ya ubaoni,
akaukata, mtunza bustani akilalama,
akauburuta toka mezani kwake, katikati ya madawati,
ukatoka mlangoni, ukaishia kwenye maua ya mkuu wa shule.
"Huu," akasema Mwalimu Aikaruwa, "mnao tumboni,
kila mmoja wenu, hata wewe Kimambo usiyepiga mswaki.
Umekunjwa tu, kama shuka la bweni."

Halafu akatugawia kiporo cha ugali:
tafuneni, msimeze, mhesabu hadi sitini.
Ugali ukaanza kuwa mtamu.
Tukatazamana.
"Ni mate hayo, yanavunja wanga kuwa sukari.
Moto haujawashwa, na chakula kimeshaanza kupikwa."

Na aliyenong'ona "utumbo mtupu" nyuma ya darasa
alisimamishwa.
"Mkisema mtu anaongea utumbo, mnamaanisha upuuzi.
Utumbo wenyewe haujawahi kuongea upuuzi.
Huongea njaa, huongea shibe, huongea hatari.
Kaa chini."

Miaka ishirini na sita. Leo yuko kitanda cha kumi na moja,
wodi ya upasuaji, hapa Moshi, dirisha la kaskazini
linaloonyesha Mlima saa kumi na mbili na nusu, kisha wingu linafunga.
Utumbo wake mpana ulijisokota usiku wa Jumapili
kama kamba ya ndoo iliyoachiwa kisimani.
Daktari Kileo akaufumua, akakata kipande kilichokwisha kuwa cheusi,
akashona ncha kwa ncha.

Sasa tunasubiri.
Watu hawajui hili: utumbo ukishikwa kwa mikono hununa.
Ule mkunjo na mkunjuo unaosukuma tonge
hata ukining'inia kichwa chini
husimama, kama mashine ya kusaga umeme ukikatika.
Na kila asubuhi daktari huja na swali lile lile,
swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza
mzee huyu wa kanisa, wa benchi la mbele:
"Mwalimu, umejamba?"

Siku ya kwanza aligeukia ukuta.
Siku ya pili akasema "hapana" kama anayekana deni.
Siku ya tatu akaniita: "Mkunde, weka hicho chombo chako
kulia, chini, penye kidole tumbo. Unasikia nini?"
Nilisikia bomba lisilo na maji.
"Usikimbilie kusema hakuna. Nilikufundisha kuhesabu hadi sitini."

Mdogo wake, Ndeshi, huja na chupa ya mtori
na hurudi nayo.
Mshare zilizopondwa, mchuzi wa mbavu;
harufu inapita chini ya mlango
na mate yanamjaa Mwalimu kabla ya tonge lolote.
"Unaona?" ananiambia, akijifuta kwa kanga.
"Jikoni wako tayari. Tatizo ni barabara."

Ini lake linatengeneza nyongo bila kuombwa.
Kongosho linakamua maji yake ya kupooza ukali.
Tumbo, gunia lile la misuli lenye tindikali ya kutoboa shuka,
limekingwa kwa ute tu lisijile lenyewe.
Yote hayo gizani, kwa ajili ya mtu asiyekula
ila matone ya dripu.
Sijui kama hiyo ni imani au ni mazoea.

Siku ya nne, saa kumi alfajiri,
nabadilisha dripu ya jirani yake,
nasikia mlio.
Mfupi, mkavu; kisha mrefu, wenye mkia.
Wodi nzima iko macho na inajifanya imelala.
Mama Lyatuu wa kitanda cha tisa, mwenye jipu la ini,
anasema taratibu gizani:
"Amina."

Mwalimu hakucheka. Aliweka kiganja juu ya mshono
usije ukafumuka kwa kicheko alichokizuia,
na kwa sauti yake ya ubaoni akasema,
"Andika, Mkunde. Andika na saa."

Nikaandika. Saa nne Ndeshi alipofika
hatukumrudisha.
Vijiko vitatu, alisema daktari, basi.
Cha kwanza alikikalisha ulimini muda mrefu mno.
Midomo yake ilikuwa inahesabu.